Mchepuko wa B4

Jumatatu, 3 Machi

Viraka kumi na tisa leo, vyote vya mashuka ya chumba cha upasuaji. Sindano mbili zimevunjika. Ile mashine kubwa ya kunyooshea inakoroma tena, na fundi wake anasema atakuja — hakusema mwezi gani.

Ila nina furaha. Nimeanza mchezo mpya wa chesi na mfamasia. Huu ni wa saba. Sita iliyopita amenifunga yote, na kila akinifunga ananiandikia "pole fundi" kwenye bahasha ya dawa. Hatujawahi kukaa meza moja. Yeye habanduki dirishani kwake, mimi sibanduki kwenye cherehani. Kila mmoja ana ubao wake, na hatua zetu zinasafiri kwa pini ndani ya makoti meupe ya famasi, ambayo huja kufuliwa kila siku.

Safari hii namtolea mchepuko wangu. Watu wote huanza chesi kwa askari wa katikati, wanabanana pale kama kwenye mlango mmoja. Mimi namsukuma askari wa pili kutoka kushoto, miraba miwili, mpaka B4. Barabara kuu imejaa? Napita pembeni. Mfamasia anasema huo ni uchezaji wa mtu aliyepotea njia. Tutaona.

Nimeandika kikaratasi: "B4. Jilinde." Nikakibana kwenye koti lake.

Jumanne, 4 Machi

Sikukibana kwenye koti lake.

Nilikibana kwenye rundo la mashuka sitini yaliyokuwa mezani yakingoja kwenda C1, wodi ya wazazi. Na hapa kwetu kikaratasi chenye herufi na namba kina maana moja tu: jengo na wodi. Mama Toroli, anayesukuma nguo hapa mwaka wa kumi na nane sasa, akasoma B4, akapeleka B4. Jengo B, wodi ya nne, mifupa ya wanawake. Hata lile neno "jilinde" halikumshtua. Anasema alidhani ni habari ya vijidudu.

C1 wakabaki na magodoro matupu, na akina mama watatu wamejifungua kabla ya saa tatu asubuhi. Metroni akashuka mwenyewe. Huyu mama hapandishi sauti. Anaishusha, na kadiri inavyoshuka ndivyo unavyotafuta pa kujificha. Nikamwambia kalamu iliteleza. Akauliza kama iliteleza ikaandika na "jilinde".

Mfamasia amecheka mpaka foleni ya wagonjwa ikacheka naye. Nimeula wa chuya.

Jumatano, 5 Machi

Hili la leo sijui niliandikeje.

Nguo chafu za B4 zimeshuka saa nne. Mama Toroli anamwaga, mimi nachambua zilizochanika. Kwenye pindo la shuka moja — pini yangu. Na kikaratasi changu. Nyuma yake, kwa herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: "E5. JILINDE WEWE."

Nimeisoma mara tatu nimesimama. E5! Ndilo jibu lenyewe. Askari wake yuko katikati, na papo hapo kamfungulia njia askofu wake, ambaye sasa anamtolea macho askari wangu wa B4. Huyu si mtu wa kubahatisha.

Nikamuuliza Mama Toroli nani kule juu anajua chesi. Hakufikiri hata. Kitanda cha kumi na moja, akasema, yule dereva wa malori aliyegoma kusimama.

Habari yake ni hii, kwa jinsi nilivyoipata. Mwanamke wa miaka sitini na moja. Ameendesha malori ya safari ndefu miaka thelathini bila kukwaruza hata taa. Halafu siku moja lori limeegeshwa, injini imezimwa, yeye anashuka zake — ngazi ya pili, mguu ukateleza. Paja likavunjika. Amelala wiki kumi. Mfupa umeshaunga, picha zinaonyesha. Lakini hataki kusimama. Akisogezewa kile kitembezi cha chuma anageukia ukutani. Chesi alijifunza mpakani, kwenye foleni za malori za siku nne nne.

Nimejibu: askofu B2. Juu yake nimeandika CHESI, nikapiga mstari mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Jibu limekuja na foronya. Askofu wake kamla askari wangu wa B4. Nami askofu wangu kamla askari wake wa E5. Nimempa wa pembeni, nimechukua wa katikati. Huo ndio mchepuko wenyewe, na kaingia mzima mzima! Sasa asipoangalia, askofu wangu anaendelea moja kwa moja mpaka kwenye ngome yake kule kona.

Leo nimeimba na cherehani. Mama Toroli ameniomba nipunguze.

Ijumaa, 7 Machi

Ameangalia. Farasi F6, njia ya kwenda kona imezibwa. Na chini yake: "Nimevuta tela mbili kwa mpigo. Vioo vya pembeni navitazama."

Nimecheka peke yangu kama hamnazo. Mfamasia kapiga simu kudai kwamba mchezo huu ulikuwa wake. Nimemwambia wake uliishia kwenye mashuka ya wazazi.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Balaa la pili, na hili ni la mdomo.

Nilikuwa naongea na mfamasia kwenye simu, nimekaa barazani, miguu juu ya kigoda, raha mustarehe. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba yule wa B4 mchepuko wangu umemkolea, kila siku ananiandikia. Nikageuka. Mama watoto mlangoni, sufuria mkononi.

Sasa mimi neno hilo nimelizoea kwa maana ya njia. Nimesahau kabisa kwamba nchi nzima inalitumia kwa maana ya hawara. Nikaanza kueleza. Kila nikieleza nazama. Nimesema "ni mambo ya pembeni tu, mke wangu." Nimesema "hata sura yake sijaiona." Nimesema, Mungu anisamehe, "ni wa kuandikiana kwenye mashuka."

Aliuliza tu saa za kutazama wagonjwa.

Jumatatu, 10 Machi

Saa saba mchana nashona mikanda ya magauni ya wagonjwa, Mama Toroli anaingia na toroli tupu. Mkeo yuko B4, anasema, kitanda cha kumi na moja. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba Mungu aonyeshwe vita.

Nimeacha cherehani inazunguka. Nimepanda ile njia ya mteremko ya matoroli roho mkononi, nikipanga maneno, nikiyapangua.

Wamekaa kitanda kimoja. Mama watoto ameshika mkono wa mwenzake, na wote wawili wanacheka mpaka machozi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona mpinzani wangu: mfupi, mpana, nywele za mvi zimesukwa kurudi nyuma, miwani imening'inizwa shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Kumbe ndiye huyu," akasema. "Mbona mwembamba? Kwa jinsi anavyotisha kwenye karatasi nilitegemea shingo nene."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lakini mama usiniite, mwanangu asingeanza na B4. Niite Dereva."

Njiani kurudi nyumbani mama watoto kakiri kwamba alikwenda amefunga kanga kiunoni, tayari kunyonyoa mtu. Akasema mchepuko wangu ni mtu mzuri sana, ila anaogopa. Nikauliza anaogopa nini, mtu aliyeshusha tani thelathini milimani usiku wa mvua. Anaogopa ile ngazi, akasema. Kila akifumba macho anajiona anakanyaga hewa. Wanaume wanaomtibu wamemuuliza maumivu tu, hakuna aliyemuuliza hofu.

Nimefurahi kwamba mke wangu alikwenda.

Jumatano, 12 Machi

Nilisahau kuandika CHESI.

Hatua yangu ya nne ilikuwa askari C4. Pembeni tena, jirani na alipokuwa yule wa B4. Nzuri kabisa. Ila Jengo C wodi ya nne ni ya watoto, na magauni thelathini ya watu wazima yamepelekwa huko. Wanasema kuna kibinti cha miaka mitano kilikataa kuvuliwa, kimezunguka wodi nzima kikiburuta gauni na kusalimiana na wageni kama bibi harusi.

Metroni hakushuka. Ameniita juu. Sauti yake ilikuwa chini mno hata ikabidi niiname. Kuanzia leo karatasi yoyote isiyo ya kazi isionekane ndani ya nguo. Anayetaka kucheza akacheze kwa miguu yake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanda kwa miguu yangu wakati wa chakula, ubao kwapani. Tumepanga kete upya mpaka pale tulipofikia. Dereva akamficha mfalme wake nyuma ya ngome, haraka, bila hata kuvaa miwani.

Lakini leo hakuwa yeye. Daktari alipita asubuhi. Kampa wiki mbili: Ijumaa tarehe 28 raundi ya saa nne, kama hatembei, anatoka kwa kiti cha magurudumu kwenda kwa bintiye. Kitanda kinahitajika. Na bintiye, kwa upendo wake, ameshaita fundi akapanua mlango wa chumba cha nyuma ili kiti kipite.

"Amenitumia picha ya mlango," Dereva akasema. "Mpana, umepakwa rangi. Fundi, mimi nikiupita mlango ule nimekaa. Sisimami tena."

Nikamwambia basi simama sasa, wiki mbili ni nyingi. Akaniambia nicheze zamu yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Nusu saa ya mchana, hatua mbili. Ubao tunauweka kwenye kile kimeza cha kitandani. Farasi wangu yuko nje, askofu wangu nimemrudisha B2, kule pembeni, anautazama ubao wote kwa mshazari mpaka mlangoni kwa mfalme wake. Nampenda huyo askofu kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Nilikuwa napanga kamtego. Dereva akanitazama juu ya miwani.

"Acha mluzi."

Sikujua kwamba napiga mluzi. Mama watoto kamwambia: mume wangu akipanga hila lazima apige mluzi, hata akitaka kula nyama jikoni kabla ya wageni. Miaka ishirini ya ndoa! Wamenimaliza.

Jumanne, 18 Machi

Leo Bwana Mazoezi kaingia kati. Ni mtaalamu wa viungo wa wodi, pande la mtu, sauti ya kubembeleza mtoto. Wiki tatu amemsihi Dereva asimame, ameambulia mgongo.

Tuko katikati ya mchezo. Dereva ndiye mwenye zamu, tayari ananyoosha mkono. Bwana Mazoezi akauinua ubao na kete zake zote, taratibu, hakuangusha hata askari, akaenda kuuweka kwenye kimeza cha kitanda cha jirani kisicho na mgonjwa. Hatua nne.

"Zamu yako, Dereva," akasema.

"Huo ni wizi."

"Ubao ule pale. Sijaupeleka mbali."

Nikajitolea kumchezea, aniambie tu kete gani. Akaniambia kete yake haiguswi na mtu. Tukangoja. Jirani wa upande wa pili, mwenye mkono kwenye plasta, akaacha kutafuna. Dereva alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama sakafu, na nikaona miguu yake inajikunja yenyewe kutoka chini. Saa ya kazi ikafika. Nimeshuka bila hatua hata moja kuchezwa, na jioni yote nimeshona vibaya. Mkono wa gauni nimeuunga kwenye shingo.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna. Amelala uso ukutani. Ubao uko palepale, mtu kaufunika kwa kitambaa kisiingie vumbi.

Nilimwambia Bwana Mazoezi kwa hasira kwamba ameuua mchezo. Akasema labda. Alikuwa mnyonge kuliko mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Amesimama!

Nilifika saa saba na dakika tano. Nikaketi upande wangu wa ubao, kwenye kitanda cha jirani, nikangoja kama jana. Mara Dereva akageuka. Akauliza ni kweli farasi wangu nimemwacha bila mlinzi au macho yake hayaoni vizuri kutoka kule. Nikatazama. Lo. Ni kweli.

"Usimguse," akasema. "Ushacheza zamu yako."

Akavuta kitembezi. Akajikaza kisabuni, akanyanyuka, chuma kinalia chini ya uzito wake. Bwana Mazoezi alikuwa nyuma yake, hakumgusa. Hatua ya kwanza. Ya pili ilichukua muda mrefu kuliko kumfunga mtu kwa chesi. Ya tatu. Ya nne akajibwaga mbele yangu, jasho linamtoka masikioni, akanyoosha mkono akamla farasi wangu.

"Vioo vya pembeni, fundi," akasema, na hakuwa na pumzi ya kuongeza neno.

Wodi nzima ikamshangilia. Yule jirani hawezi kupiga makofi, akajipiga paja. Mimi nimelia. Naandika tu ukweli, nimelia mbele ya wagonjwa, na nimepoteza farasi, na sijawahi kufurahi hivi kwenye chesi maisha yangu yote.

Ijumaa, 21 Machi

Ubao umehamia dirishani. Hatua tisa. Amefika, amecheza, amerudi. Amesema dirisha lina upepo.

Jumatatu, 24 Machi

Meza ya sista. Hatua kumi na saba. Tumebadilishana ngome moja moja. Dereva amegombana na sista kwa sababu ya kuweka kikombe cha chai kwenye mraba wa H1. Aligombana amesimama, hakushika meza. Yeye mwenyewe hakuliona hilo. Sisi tuliona, tukanyamaza.

Usiku nilimsimulia mama watoto, akanikatiza. Alikuwa anajua. Wanaongea kila jioni kwa simu, nusu saa, na mimi siambiwi wanachoongea.

Jumatano, 26 Machi

Mlangoni mwa wodi. Hatua thelathini na moja, kwa hesabu ya Bwana Mazoezi. Mfamasia amefunga dirisha lake dakika kumi akaja kutazama. Alisimama mikono nyuma kama mkaguzi. Akasema hajaona mchezo mbaya wenye watu wengi hivi. Lakini alibaki mpaka mwisho, na akamnong'oneza Dereva kitu, nikadai ni udanganyifu. Dereva akasema alikuwa anaulizwa kama amekunywa dawa.

Hali ilivyo: kete ni chache. Mimi nina malkia, askofu wangu wa B2 na askari. Yeye ana malkia, ngome na askari. Kwa hesabu amenizidi. Kwa roho mimi nimemzidi, maana askofu wangu bado anaitazama ile nyumba ya mfalme wake, na yeye amemzoea mno hata hamwoni.

Alhamisi, 27 Machi

Alicheza: ngome E8. Mstari wote wa E uko wazi mbele yake kama barabara ya asubuhi. Ilikuwa zamu yangu. Nikafikiri mpaka muda ukaisha. Nikasema nitacheza kesho nikipanda.

"Usipande," akasema Dereva. "Wiki mbili hizi mimi ndiye mwenyeji wako. Kesho nakuja kwako."

Bwana Mazoezi akashtuka. Kutoka hapo mlangoni mpaka chumba cha nguo ni korido yote, halafu ile njia ya matoroli, ina mteremko na kona moja. Hata wauguzi huishika reli ya ukutani. Akaanza kusema tungoje wiki ijayo. Wiki ijayo, akajibu Dereva, nitakuwa nyuma ya mlango mpana. Akasema pia, akinitazama mimi, kwamba kushuka ndiko kulikomwangusha, kwa hiyo ni kushuka anakokutaka.

Metroni alikuwa amesimama nyuma yetu, hatujui tangu lini. Tukagandamana na ukuta. Alimwita Mama Toroli akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kesho saa tatu mpaka saa nne toroli lolote lisipite kwenye ile njia.

Nimeshusha ubao mwenyewe. Nimebeba kama nimebeba mayai.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nikiwa kazini, kitu ambacho sijawahi kufanya. Mashine zimezimwa. Saa tatu na dakika ishirini.

Nilifika alfajiri nikafagia. Nimeondoa marundo, nimeweka ubao kwenye meza ya kukatia, viti viwili. Saa tatu kasoro dakika kumi nimecheza hatua yangu: malkia G4. Nilikuwa napiga mluzi, nakiri. Ni mtego mtamu. Malkia wangu sasa anatazamana na G7, na nyuma yake, kutoka pembeni kabisa, yupo askofu. Akikosea kidogo tu, malkia anaingia G7 na mfalme wake hana pa kwenda. Mchepuko wangu kufika mwisho wa safari! Sijawahi kufika huko na mtu yeyote.

Saa tatu na dakika tano nimeona kosa.

Malkia ndiye aliyekuwa analinda mstari wangu wa nyuma. Nimemtoa. Mfalme wangu kabaki peke yake nyuma ya askari wake watatu, na ile barabara ya E iko wazi. Ngome yake ikishuka moja kwa moja mpaka E1, nimekwisha. Hatua moja. Zamu ni yake. Mwenye kuona kwanza ndiye mshindi, na yeye bado hajaiona hatua yangu. Mama watoto amepanda kumsindikiza mpaka mlango wa wodi na amekatazwa kuvuka. Ameapa hatamwambia kitu, na mimi sikumwonyesha ubao.

Ningeweza kumrudisha malkia. Hakuna aliyeona. Nimemgusa kichwani, nimemwacha.

Mama Toroli amekaa juu ya toroli lake, mikono mapajani. Bwana Mazoezi yuko mlangoni, amekunja mikono, mgongo kwetu. Amekubaliana na Dereva kwamba hatavuka kizingiti hiki asipoitwa.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Tunamsikia. Chuma — ko. Halafu ndala — cha, cha. Yuko koridoni. Ko. Cha, cha.

Dakika thelathini na moja. Sauti imebadilika, inarudi na mwangwi. Yuko kwenye mteremko. Ko inakuja polepole zaidi. Nahesabu na sijui kwa nini nahesabu.

Amesimama. Nadhani ni pale konani. Hakuna chuma, hakuna ndala. Dakika nzima. Nimeinuka, Bwana Mazoezi akanyoosha kidole bila kugeuka. Nimekaa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Saa nne daktari anaanza raundi, na atakikuta kitanda cha kumi na moja kitupu. Namwogopea. Kama ameikanyaga ile hewa tena, kosa ni letu sote, na langu la kwanza, mimi na kikaratasi changu.

Dakika thelathini na nne. Sauti yake, kutoka konani, inahema:

"Fundi! Umechezaje?"

Bwana Mazoezi amenitazama. Mama Toroli amenitazama.

"Njoo uone," nimemjibu.

Halafu chuma kinaegemezwa ukutani — nimekisikia, kililia mara moja. Halafu ndala. Chuma hakisikiki tena, ni ndala tu, cha, cha, na mkono unaosuguana na reli. Bwana Mazoezi amechungulia nje na hajarudisha kichwa. Anahesabu kwa kunong'ona. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Mkono hausikiki tena kwenye reli, ni ndala peke yake. Kumi na mbili —